Jicho jeusi au damu iliyovilia?

Mtu akitoka kilabuni hapa Dodoma jicho moja limefumba kwa ngumi, wanaomwona hawana jina moja la kuliita jicho lile. Huyu atasema limevimba, yule limetutumka, mwingine limevilia damu. Akiwa amepasuka juu ya nyusi na damu inachuruzika, watasema katiwa ngeu, ingawa ngeu kwa haki yake ni jeraha la kichwani. Lakini ukisoma habari zilizotafsiriwa haraka haraka, unakutana na jina la kuazima: jicho jeusi, yaani black eye ya Waingereza neno kwa neno.

Wanaolitetea jina hili wana hoja. Mwandishi wa kichwa cha habari anataka maneno mawili, si sentensi. Mfasiri wa filamu naye hana nafasi ya kueleza wakati ngumi ya pili inarushwa. Isitoshe, tumekwisha kutafsiri mengi neno kwa neno na hakuna aliyekufa: vita baridi, soko huria. Kwa nini tuanze kuona haya kwenye jicho?

Ni kwa sababu macho meusi tunayo tayari, na ni sifa. Anayeambiwa ana macho meusi anatongozwa, hapewi pole. Halafu kuna suala la rangi yenyewe. Waingereza wanaliita jicho hilo jeusi, Wajerumani la bluu, Wahispania la zambarau. Jeraha ni lilelile. Wajerumani wana jina jingine pia, Veilchen, ambalo ni kijiua cha urujuani. Walioniacha hoi ni Wafaransa: kwao ni jicho la siagi nyeusi, jina lililotoka jikoni, kwenye yai linaloliwa na siagi iliyokaangwa mpaka ikageuka rangi.

Hawakukosea, kila mmoja alisema alichokiona. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ya popote mwilini, na nyama ya chini yake ni laini, kwa hiyo mishipa midogo ikipasuka damu husambaa kwa urahisi. Mwili huivunjavunja damu hiyo, na rangi hubadilika kutoka wekundu na zambarau kwenda kijani, kisha manjano, mpaka ifutike kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi. Ila walikuwa wanatazama ngozi nyeupe. Kwenye uso wa Mgogo au Mrangi, kijani na manjano hayaonekani kwa urahisi hivyo. Kinachoonekana kwanza ni uvimbe, na ngozi iliyovutika ikang'aa. Kama ni lazima tuazime kwa Waingereza, basi afadhali neno lao la mtaani, shiner, maana yake kitu king'aacho.

Kuvilia hakutaji rangi. Mzizi wake ni kuvia, kitu kukwama pasipo kufika kinapotakiwa. Wali ulioiva nusu umevia. Mtama ulioachwa na mvua katikati ya Januari umevia, na hilo mkulima wa Bahi au Chamwino hahitaji kufafanuliwa. Damu iliyotoka kwenye mshipa ikakwama chini ya ngozi nayo imevia. Kwa kweli daktari hana maelezo bora kuliko hayo. Na anayetaka nomino ya kujazia fomu, vilio la damu lipo, halina haja ya kuundiwa kamati.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja moja inayonisumbua kuliko ile ya vichwa vya habari. Maelezo yetu yanaficha. "Jicho limevimba" ni kauli isiyo na mtu ndani yake. Mkoani hapa jicho huvimba kwa vumbi na kwa nyuki, na Kongwa watafiti wamefuatilia ugonjwa wa vikope (trakoma) kwa miongo kadhaa. Mwanamke anayesema sokoni kwamba jicho limevimba anaweza kupita bila kuulizwa la pili, na wakati mwingine ndicho anachotaka. Jina moja lenye maana ya pigo, wanasema, lingemnyima mpigaji pa kujificha.

Lingemnyima kweli? Jicho jeusi nalo halimtaji aliyerusha ngumi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi linapopokea malalamiko na kutoa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, linachohitaji ni nani alifanya nini. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, maneno ya shahidi yana nafasi ya kubaki kwenye kumbukumbu kama alivyoyatamka. "Alinipiga ngumi, damu ikavilia chini ya jicho." Mpigaji yumo, kipigo kimo, na jeraha limo. Nomino ya rangi ingeongeza nini hapo?

Weusi nao una kazi yake, na hapo nawapa haki yao wanaoutaja. Mtu akianguka na bodaboda akaumia kichwa, kisha macho yote mawili yakazungukwa na weusi ilhali hakugongwa machoni, huenda mfupa wa chini ya fuvu umepasuka. Kwenye ngozi yetu weusi huo ni rahisi kupitwa, kwa hiyo mtazame mwangani, linganisha na rangi ya shavu, na umpeleke hospitali mara moja.