Msitu ukibadilika, nyimbo za ndege nazo zinabadilika

Huku Malindi tukizungumzia msitu wa Arabuko-Sokoke maneno ni miti, mkaa na ndovu, basi. Sauti za ndege hakuna anayezitaja, na mimi naona hapo ndio tunakosea, manake sauti inaweza kugawa ndege wa aina moja wakawa aina mbili.

Mtazame yule bundi mdogo wa Sokoke, ana sentimita kama 16 hivi, wanasayansi walimuandika 1966, na anakaa sana ule upande wa udongo mwekundu wenye vichaka vimebanana. Kuna wa kijivu na kuna wa rangi ya kutu, ukiwaona mchana wamelala wamegusana kwa tawi utadhani hawahusiani kabisa. Usiku wakilia ni mlio ule ule, kunk kunk kunk, polepole, na wanaoana vizuri tu, kwa hivyo ni aina moja, mlio ndio unaowaunganisha. Vijana wanaotembeza wageni pale Gede wanamtafuta kwa masikio, sio macho.

Sasa bundi anazaliwa na mlio wake, lakini ndege wengi waimbaji wanafunzwa na wakubwa wao, na kitu cha kufunzwa kinabadilika kama vile Kiamu na Kimvita vilivoachana. Kule Asia kuna kindege cha kijani kilichozunguka milima ya Tibet kwa pande mbili, Darren Irwin na wenzake waliandika habari zake 2001, nyimbo zilibadilika kidogo kidogo kila upande mpaka walipokutana Siberia hawatambuani tena na karibu hawaoani kabisa.

Mazingira nayo yanasukuma. Kwenye msitu mnene sauti nyembamba za harakaharaka zinapotelea kwa majani, nzito za taratibu ndio zinafika. Mjini Leiden, Uholanzi, 2003 ilionekana ndege wanaokaa penye kelele za magari wanaimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasikike.

Ndio maana msitu wa Dakatcha, huku huku Kilifi, unaniuma. Kuna mnana anayepatikana kaunti yetu ya Kilifi tu, duniani kote hana kwengine, na viota vyake vilijulikana 2013 pale Dakatcha, mahali ambapo watu wanakata mkaa na kufyeka mashamba ya mananasi. Aina ya ndege inachukua maelfu na maelfu ya miaka kujitenga, sisi tunaweza kuimaliza kwa misimu michache tu jamani.

Mimi nataka kabla mtu hajapewa ruhusa ya kufyeka, vijana wetu wanaojua milio waingie kwanza, usiku na alfajiri, warekodi kila kinacholia, na hiyo rekodi iwekwe mezani pamoja na hesabu ya miti.