Kumar Gandharva na lawama ya pafu moja

Akitajwa Kumar Gandharva, mwimbaji wa muziki wa kiklasiki wa India, hadithi ni ile ile: kifua kikuu kilimharibia pafu moja, pumzi ikampungua, ndiyo maana aliimba kwa vipande vifupi vifupi. Wanaompenda huisimulia kwa huruma, wasiompenda huifanya hukumu. Wote wamekwenda haraka mno.

Ugonjwa hauna ubishi. Mwaka 1948 alihamia Dewas, kwenye nyanda kavu za Malwa, katikati ya India, akakatazwa kuimba kwa miaka kadhaa hadi streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, ilipopatikana. Alirudi jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaimba hadi alipofariki Januari 1992.

Lakini piga hesabu ya pumzi. Katika khayali, mtindo mkuu wa uimbaji wa kiklasiki wa India kaskazini, ile ya polepole kabisa, mzunguko mmoja wa mapigo 12 unaweza kuchukua karibu dakika nzima. Hata mwenye mapafu mazima hauimbi kwa pumzi moja. Huukata, hunyamaza, huendelea. Mwendo huo, kwa hiyo, haumfungii mlango mgonjwa, na pengine humpa nafasi ya kupumua. Kinachokula pumzi ni kurusha sauti juu ghafla kwa nguvu, na kumimina taani, yaani mfululizo wa noti nyingi, kwa kasi. Kumar alifanya yote mawili. Mtu anayebania pumzi angebaki chini, kwa sauti laini.

Basi ufupi ule ulitoka wapi? Sikiliza nyimbo za vijijini za Malwa, alizozisikia akiwa mgonjwa kisha akazikusanya na kuziandika. Nyingi zina noti nne au tano tu, wala hazina mapambo ya kujazia. Kutoka humo alizaa raga mpya, yaani mifumo ya noti ambayo mwimbaji huijengea wimbo, zikiwemo Malavati, Sanjari na Lagan Gandhar. Kwa watawa wa kuzunguka aliokota pia namna ya kuimba mashairi ya Kabir, mshairi mtakatifu wa zamani wa India: neno linarushwa, kisha linaachwa.

Kuachwa huko kunategemea tanpura, ala ya nyuzi inayovuma mfululizo nyuma ya mwimbaji. Nyuzi zake ni nne: kwa kawaida pa (noti ya tano), sa (noti ya msingi) mbili, na sa ya chini. Chini ya kila uzi, pale unapolala juu ya daraja, hupita kiuzi cha pamba; kikisogea kidogo tu, mvumo unakufa au unakwaruza. Kumar alisifika kwa kuzihangaikia tanpura zake kabla ya kufungua kinywa, na haikuwa madaha. Anapokata sauti juu ya sa, tanpura iliyokaa sawa huendelea kuishika. Isipokaa sawa, ukimya unakuwa shimo, na msikilizaji hudhani mwimbaji amechoka. Waigaji wengi huanguka hapa: wanakata kama yeye, huku nyuma yao inalia mashine ya umeme badala ya tanpura.

Watetezi wa gharana, yaani koo za uimbaji zinazorithishana mtindo, wana hoja nzito dhidi ya ufupi huo hata hivyo. Raga hujengwa noti kwa noti. Katika raga ya Darbari, ga, noti ya tatu, lazima ipembezwe taratibu. Ukiigusa na kuiacha, si Darbari tena. Tena mpangilio huo unafundishika: mwanafunzi anajua aanze wapi na afuate nini. Kumar, aliyefunzwa Bombay na B. R. Deodhar, mwalimu asiyemfunga mwanafunzi kwenye gharana moja, hakuacha ngazi ya namna hiyo. Mwanawe Mukul Shivputra ni mwimbaji mkubwa, ila ukimsikiliza unasikia njia yake mwenyewe. Kasoro hiyo ipo, nayo ni ya ufundishaji, pafu halihusiki.