Mkristo wa Nyumba

Ukitaka kupewa cheo usichokiomba, fikia kwenye nyumba ya Wabengali wa Kihindu mjini Kolkata mwezi Desemba, halafu wagundue kwamba wewe ni Mkristo. Mimi Mlutheri wa Marangu, tena wa kwenda kanisani siku mama yupo nyumbani, niligeuzwa msemaji wa ukoo mzima wa Yesu. Jirani akiingia anaambiwa, "Huyu ndiye mwenye sikukuu," na jirani ananipa mkono wa pongezi utadhani nimejifungua.

Kwa sensa ya 2011, Wakristo wa jimbo la West Bengal hawafiki hata mmoja katika kila watu mia. Sasa ngoja Boro Din ifike, ndivyo waitavyo Krismasi, uone kama kuna anayejali sensa. Park Street inawaka taa kutoka mwanzo hadi mwisho, mabinti wamevaa pembe za plastiki zinazometameta, familia zinasukumana kuelekea Allen Park kwenye muziki. Tarehe 25 bustani ya wanyama ya Alipore inajaa mpaka simba ndiye anayeshangaa watu. Wazee wamejifunika kofia za sufu zinazoziba masikio hadi kidevuni, wanalalamika baridi. Nyuzi kumi na nne! Kwetu Marangu hiyo ni hali ya hewa ya kuogea nje.

Na lazima kuwe na keki, ile nyeusi ya matunda makavu. Asubuhi ya tarehe 24, mama wa mwenzangu wa chuo, ambaye nilifundishwa kumwita Mashima, alitutuma New Market, kwa Nahoum's, duka la Mayahudi wenye asili ya Baghdad lililoanza 1902. Foleni ile sitaisahau. Wateja Wahindu, waokaji Waislamu, duka la Myahudi, sikukuu ya Wakristo, na Mkristo mwenyewe yuko mkiani kabisa. Tulipoipata keki, jua lilikuwa utosini. Ndani ya teksi nilikuwa nimeshachagua kipande changu kwa macho.

"Usiguse, Baba," Mashima akaniambia tulipofika. "Bado haijaenda."

Ningeuliza inaenda wapi, ningeokoa mengi.

Usiku tukatoka ukoo mzima: Mashima na mumewe, bibi, shangazi, watoto, na mpangaji wa juu ambaye hakuna aliyemwalika. Tulianza na kanisa kuu la St. Paul's, lile la 1847 ambalo mnara wake uliangushwa na tetemeko la 1934 wakaujenga upya kwa kuiga wa Canterbury. Watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani. Tukarudi zetu kwenye kanisa dogo la mtaani, na hapo mlangoni wote wakavua viatu.

"Kanisani havivuliwi," nikawaambia.

Bibi akanitazama kwa huruma, akavua.

Tulipoketi ndipo nikabaini kwamba walikuwa wamekubaliana wanifuate mimi kwa kila kitu. Ufunguo wangu ulidondoka, nikainama kuutafuta chini ya benchi. Nilipoinuka, benchi zima lilikuwa limeinama. Nikapiga chafya, shangazi akafumba macho na kuunganisha viganja. Nikaogopa hata kujikuna.

Ukafika wakati wa sadaka. Mashima akafunua shali yake, na hapo ikatokea sinia ya shaba, juu yake keki yetu imezungushiwa maua ya rangi ya chungwa, katikati imechomekwa kijiti cha udi. Namshukuru Mungu hakikuwa kimewashwa.

"Peleka, Baba. Wewe ni mtu wao."

Ukifikiri vizuri, mama wa watu hakuwa na kosa. Hekaluni kwao huendi mikono mitupu. Kitamu kinatangulia kwa mungu, kisha kinarudi kwa waumini kikiwa na baraka, wanakula. Kwa nini Yesu anyimwe? Lakini mimi nilitikisa kichwa kukataa, tena kwa nguvu, nikasahau kwamba kule kichwa kikiyumba upande huu na huu mara nyingi ni "sawa". Akanikabidhi sinia kwa furaha.

Nikatembea. Mzee wa kanisa aliyeshika mfuko wa sadaka akaangalia keki, akaangalia mdomo wa mfuko, akapima, akanipisha. Padri akaipokea sinia kwa mikono miwili bila hata kukunja uso, akaiweka kando ya madhabahu. Nadhani sikuwa wa kwanza. Nilipogeuka kukimbilia benchini sikupata njia. Ukoo wote ulikuwa nyuma yangu, na bibi ameshagusa sakafu kwa paji la uso.

Ibada ilipokwisha, padri akatoka na sinia mpaka kwenye meza ya chai uani. "Hii ya nani?"

"Ya Yesu," Mashima akajibu. "Ametuma huyu."

Padri akacheka mpaka akavua miwani, akaniletea kisu. Mwenye shughuli ndiye anayehudumia, si ndivyo? Nikakata. Wakala wanakwaya, akala mlinzi, wakala wavuta riksho waliokuwa wanasubiri abiria getini, mpangaji wa juu akarudi mara ya pili na watoto wawili nisiowajua. Mashima alikuwa anang'aa. Mimi nilibaki na maua na kijiti cha udi.

Tukaenda mlangoni kuvaa viatu. Havikuwepo. Hata kimoja. Ukoo mzima ukasimama kwenye sementi ya baridi, wamevaa kofia za sufu kichwani na chini miguu mitupu, wote wanaangalia raba zangu.

Bibi akatikisa kidole.

"Ndiyo maana huyu hakuvua," akasema. "Anawajua watu wao."