Kikosi cha 57 cha Keflavik kililinda nini hasa?

Kikosi cha 57 cha Jeshi la Anga la Marekani, chenye ndege za kivita za kuzifuata ndege ngeni zinazokaribia, kilihamia Keflavik, Iceland, Novemba 1954. Mpaka leo wachambuzi hawajakubaliana kilifanya kazi gani ya maana. Upande mmoja husema ndicho kilichowadhibiti Wasovieti Atlantiki ya Kaskazini. Upande wa pili husema ilikuwa gharama kubwa ya kusindikiza ndege za Kisovieti ambazo zingegeuza na kurudi kwao hata bila kusindikizwa.

Kijiografia hakuna ubishi. Iceland haina jeshi, nayo imekaa katikati ya njia ya ndege na nyambizi zinazotoka Rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, kuelekea kusini. Ubishi uko kwenye ndege zilizotumika.

Chukua ndege ya kivita F-102A, iliyotumika pale tangu 1962 hadi 1973. Ilikuwa na injini 1, rubani 1, haina mzinga, inategemea makombora ya Falcon yaliyofichwa tumboni. Rubani hakuruhusiwa kuhesabu mafuta ya kwenda na kurudi tu. Ilibidi abakize ya kumfikisha uwanja mwingine endapo theluji au upepo wa ubavuni ungeifunga Keflavik. Uwanja gani, sasa? Reykjavik iko karibu mno, hivyo dhoruba moja huweza kuvifunga vyote viwili. Akureyri, kaskazini mwa Iceland, imebanwa na milima. Uskochi iko zaidi ya kilomita 1,000. Injini ikizimika, chini kuna bahari ya baridi inayoua haraka. Hapo wakosoaji wana haki kabisa: ndege ile haikuifaa bahari ile, na miaka 11 ilikuwa mingi mno.

F-4C ya 1973 ndiyo iliyobadilisha mambo: injini 2, watu 2, na uwezo wa kujazwa mafuta angani. F-4E ilifuata mwaka 1978, kisha F-15 mwaka 1985, ambayo rada yake iliweza kuitambua ndege iliyo chini bila kuchanganywa na mwangwi wa mawimbi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Ndege za zamu zilikaa zimejazwa mafuta na kufungwa makombora, marubani wakilala hatua chache kutoka zilipo. Rada ikinasa ndege isiyojulikana, mwongozaji aliye ardhini aliwapa mwelekeo na kimo. Walikaribia kutoka nyuma kwa pembeni, wakajipanga sambamba na Tu-95, ndege ya mabomu ya Kisovieti, wakasoma namba yake, wakapiga picha antena na chochote kipya kilichoongezwa tumboni au mkiani. Hadi 1991 kikosi kilikuwa kimezifikia hivyo ndege zaidi ya 1,000 za Kisovieti. Kwangu mimi, picha hizo ndizo faida kubwa kuliko zote, maana mabadiliko ya silaha za adui yalionekana mapema.

Kama ukuta wa vita, nina shaka zaidi. Katika miaka ya 1980 Tu-95MS, toleo jipya la Tu-95, ilianza kubeba makombora ya Kh-55 yenye masafa ya kama kilomita 2,500. Mshambuliaji angeweza kuyafyatua akiwa bado mbali sana na F-15. Watetezi hujibu kwamba ndege za kujaza mafuta na za rada ya angani ziliusogeza mstari wa ulinzi kaskazini. Ni kweli, lakini vyombo hivyo ni vichache, na uwanja unaovihudumia ungelengwa mapema.

Kikosi kilivunjwa Machi 1995, zikabaki ndege chache za kupokezana hadi Marekani ilipoondoka Septemba 2006. Agosti 2007 Urusi ikarudisha safari ndefu za ndege zake za mabomu, na Mei 2008 NATO ikaanza kupeleka ndege Iceland kwa awamu, Ufaransa ikitangulia. Kwa wakati wa amani, utaratibu huo wa bei nafuu umetosha, na wakosoaji wanastahili kukubaliwa hilo. Ila kati ya awamu na awamu uwanja hukaa bila ndege za zamu, na rubani anayekuja kwa wiki chache hawezi kuijua hali ya hewa ya Keflavik kama aliyeishi nayo mwaka mzima.