Simba wa Sheha

Nakiri mapema: aliyempeleka paka wa Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akahasiwe ni mimi. Kisu kilikuwa cha daktari, lakini paka nilimbeba mwenyewe, kwa daladala, kwa nauli yangu, bila Sheha kujua. Na bila mimi kujua.

Chanzo ni mpwa wangu wa darasa la tano. Watu wa kituo cha wanyama kilichoko nje ya mji wetu hapa Unguja walikwenda skulini kwao kuzungumza na watoto wanaofuga, akarudi nyumbani ameshakuwa wakili wa paka. Maji ya paka yabadilishwe kila siku. Paka asirushiwe kandambili. Na dume asipohasiwa atazurura, atapigana, atarudi na vidonda, na majike hubeba mimba miezi miwili tu, kwa hiyo hesabu mwenyewe, mjomba.

Sikuwa na haja ya kuhesabu. Paka wake, Bungo, ana rangi ya juisi ya bungo lenyewe, na wakati huo alishakuwa paka shume kamili. Usiku kucha yuko juu ya mabati analia kama mtu aliyedhulumiwa mirathi. Nikakubali.

Siku ya kuhasi ikaangukia Jumatano, na mpwa wangu yuko zamu ya asubuhi skuli. "Mpeleke wewe, mjomba. Asile kitu tangu usiku. Karatasi yake hii hapa." Nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Alfajiri umeme ukakatika. Nikatoka uani na kichwa cha kibua mkononi, nikaona paka wa rangi ya chungwa kajikunja juu ya ukuta. Nikamnusisha. Akaja mbio, akajipangusa miguuni mwangu. Hapo ndipo ningejiuliza, maana Bungo hajawahi kunipenda hata siku moja. Badala yake nikafurahi. Nikamsukumia kwenye tenga la kuku, akanichana mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, nikalifunika tenga kwa kanga ya dada yangu iliyoandikwa YALIYOMO YAMO.

Ndani ya daladala paka akapiga kelele watu wote wakageuka. Bibi mmoja akanikazia macho. "Mwanangu, unajua kuna mwanamke aliingia motoni kwa kumfungia paka?"

"Najua, bibi. Huyu nampeleka hospitali."

"Anaumwa nini?"

Gari zima likanyamaza kusikiliza. Ningesema nini mbele ya mabibi na wanafunzi? "Presha," nikajibu.

"Maskini," bibi akasema. "Mpunguzieni chumvi."

Kituoni kulijaa watoto wa zamu ya mchana. Mmoja kaleta paka ndani ya mkoba wa skuli, zipu imeachwa wazi kidogo apate hewa. Mwengine kamshika punda wa baba yake aliyechubuliwa mgongo na matandiko. Wote wanajua utaratibu kuliko mimi. Msichana mmoja, sidhani kama alizidi miaka minane, akauona mkono wangu.

"Kakuparura? Kaoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa. Kichaa cha mbwa hata paka anacho."

Nikaenda bombani. Akanifuata. Nilipodhani nimemaliza akatazama saa ya ukutani: "Bado dakika kumi na moja, mjomba." Nikasugua. Mhudumu alipokuja akasema mtoto yuko sahihi, na nisiishie hapo, niende kituo cha afya nikaulizie sindano. Nilikwenda. Nikachomwa zaidi ya mara moja, na hilo sitalirefusha.

Zamu yetu ikafika. Daktari akafungua karatasi, akasoma kwa sauti: "Bungo. Dume. Anapenda dagaa. Haogopi maji. Mguu wa nyuma wa kulia ana soksi nyeupe." Akauinua mguu wa nyuma wa kulia. "Soksi iko wapi?"

Nikaangalia. Rangi ya chungwa tupu mpaka kwenye kucha.

"Atakuwa kakanyaga mkaa," nikasema.

Daktari akanitazama, akautazama tena mguu, ambao haukuwa na weusi hata chembe. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Dume halichukui muda: sindano ya usingizi, akalala macho wazi, dakika chache kazi imekwisha. Akachanjwa kichaa cha mbwa, akakatwa ncha ya sikio la kushoto. Ndiyo alama yao kwa paka wote wanaozurura, ili asije akakamatwa tena akapasuliwa mara ya pili.

Saa saba mpwa wangu akarudi kutoka skuli, akakimbilia tenga, akafunua kanga. Akakaa kimya.

"Mjomba. Huyu si Simba wa Sheha?"

Nikainua macho. Juu ya tangi la maji kakaa Bungo, mguu wa nyuma wa kulia umenyooshwa hewani, anairamba soksi yake.

Nimewahi kusikia watu walionunua mbuzi ndani ya gunia. Mimi nilijiuzia mwenyewe.

Baada ya adhana ya magharibi, Sheha yuko msikitini, nikamrudisha Simba barazani kwake, anayumba kama katoka kwenye ngalawa. Mpwa wangu akaapa kutosema, kwa malipo ya urojo kila Ijumaa.

Kesho yake Sheha akatuonyesha lile sikio kwa fahari. "Kapigana huyu!" Siku ya kwanza adui alikuwa paka shume wa mtaa wa pili. Kufika Jumapili alikuwa nunda. Wiki iliyofuata walikuwa mbwa wawili, na mzee mmoja barazani akasema aliwaona.

Mimi nakunywa kahawa yangu, kimya.

Ila Bungo hakuacha kuimba. Na kwa kuwa wote wawili ni rangi moja, na usiku ni giza, mtaa mzima ukamlaumu Simba. Mwezi haujaisha Sheha akaja kwangu kabla ya saa mbili asubuhi, Simba kwapani, mnene, mtulivu kama imamu.

"Jirani, nasikia nyinyi mnakijua kile kituo. Huyu ananitia aibu usiku. Hebu mpelekeni wamhasi." Akaniwekea elfu kumi mkononi.

Ilikuwa likizo. Mpwa wangu akanitazama, akaenda uani, akarudi na tenga la pili.

Daktari alikuwa yule yule. Akalitazama sikio la Simba. "Huyu nimeshamhasi. Bungo huyu, nakumbuka."

"Hapana, daktari. Huyo ni Simba."

"Na Bungo?"

"Yumo kwenye tenga jengine."

"Na Simba kaletwa kufanywa nini?"

"Kuhasiwa," nikasema. "Kwa amri ya mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. Mpwa wangu hakusema neno. Akamtoa Bungo, akampindua, akamwinulia mguu wa nyuma wa kulia. Soksi nyeupe pee.

Daktari akauangalia mguu, akaniangalia mimi.

"Naona mkaa umetoka," akasema.