Nilivyopigishwa Chuma Hivernage

Kwenda mtaa wa Hivernage kutoka mji mkongwe wa Marrakech, Moroko, hakuhitaji teksi. Upe mgongo mnara wa msikiti wa Koutoubia, uliojengwa na dola ya Muwahidun karne ya 12, ufuate ukuta wa bustani ya hoteli ya La Mamounia mpaka lango la Bab Jdid. Ni mwendo wa robo saa hivi. Ukishatoka langoni, punda, pikipiki na wauza viatu vya ngozi wote wanabaki nyuma. Mbele yako ni barabara pana za mtaa uliopangwa enzi za Wafaransa, hoteli za rangi moja ya udongo mwekundu, na midanzi imepandwa kandokando. Mtu wa pwani analijua danzi kwa harufu tu. Watalii hudhani ni machungwa, wakayamenya, na sura zao baada ya hapo ni burudani ya bure.

Kuna onyo moja ambalo vitabu vya wasafiri havitoi: usitembee mtaa huo Ijumaa jioni ukiwa mweusi, umevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua.

Nimetoka kusali Alasiri, nimesimama nje ya hoteli moja (jina tuliache) nashangaa magari. Mlinzi mwenye suti nyeusi na waya sikioni akanijia mbio. "Khouya, ndugu yangu, umechelewa! Wenzako wameshaingia!"

Nikamjibu kwa Kiarabu cha madrasa, irabu zote mahali pake, kwamba mimi ni mpita njia. Tatizo la Kiarabu cha madrasa pale Marrakech ni kwamba kinasikika kama hotuba ya Ijumaa. Mlinzi alinisikiliza kwa heshima, akaitikia "amin", akanishika mkono tukaenda.

Hoteli za Hivernage zina milango miwili. Wa mbele una mashine ya kukagua mizigo na kijana wa kukufungulia. Wa nyuma ni wa mboga, mashuka na wanamuziki. Nikaingizwa pamoja na mboga.

Chumbani nikakuta wanamuziki watatu, Wagnawa. Hawa wengi wao asili yao ni watu walioletwa utumwani kutoka kusini ya Sahara, na muziki wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2019. Kiongozi wao huitwa maalem. Yule wa siku ile alikuwa mzee mwenye gembri mapajani, chombo cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi ya ngamia. Akaitazama kofia yangu.

"Ya wapi hii, mwanangu?"

"Zanzibar, mzee."

"Aa, Zagora! Watu wazuri."

Zagora ni mji wa kusini mwa Moroko, njia ya jangwani. Nikataka kusahihisha, mzee akaniinamia sikioni: mkataba unasema watu wanne, wakionekana watatu hoteli inakata robo ya malipo. Kumbe hakukosea hata kidogo. Zagora au Zanzibar, alichohitaji ni kichwa cha nne.

Akanikabidhi krakebu: vipande vinne vya chuma, viwili kila mkono, vya umbo la nane, virefu kupita shubiri. Kipande kimoja kinashikwa na dole gumba kwenye kitanzi chake, cha pili na vidole vya kati. Siri yake ni kulegeza. Vidole ndivyo vinavyofungua na kufunga, mkono wenyewe utulie. Ukikaza kwa woga, chuma kinafunga juu ya ile nyama laini iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Tena mapigo yenyewe yako mahali fulani kati ya tatu na nne, kwa hiyo anayehesabu ameshapotea.

Tukasimamishwa kando ya bwawa la kuogelea. Nilihesabu. Nikakaza. Chuma kikauma, nikapiga yowe, na wale wawili, watu wa kazi, wakaliitikia. Wageni wakapiga makofi. Basi kila chuma kiliponiuma, wimbo ukawa na kiitikio.

Ukafika wakati wa vishada. Kofia ya Mgnawa imeshonewa kauri na ina kishada kirefu. Mpigaji akizungusha shingo, kishada kinachora duara hewani. Maalem akanikonyeza nizungushe. Mimi kishada sina, ila kukataa mbele za watu wazima ni utovu wa adabu, nikazungusha. Mzunguko wa tatu kofia ikaruka, ikapita juu ya meza mbili, ikatua bwawani. Mtoto mmoja akairukia, akaniletea. Sasa kofia ya viua ni vitundu na uzi. Kinachoisimamisha ni wanga, na wanga ulishabaki majini. Nikaivaa hivyo hivyo, ikanishuka hadi nyusi.

Hapo akatokea wa nne halisi, jasho linamtiririka. Mlinzi alimzuia nje muda wote huo kwa hoja isiyo na jibu: Wagnawa wote wameshaingia, nimewahesabu mwenyewe. Akachukua krakebu mikononi mwangu bila salamu. Maalem, bila kuacha kupiga, akanitilia noti ya dirhamu 100 mfukoni.

Mlango wa mboga ulikuwa umefungwa kwa siku ile, nikalazimika kupita ukumbi wa mbele. Mhudumu akauliza kwa upole kama mimi ni mgeni wa hoteli au nakuja kuagiza kitu. Nikaagiza chai ya mnanaa. Ilimiminwa kutoka juu sana ili itoe povu, ikaja na vibiskuti viwili na hesabu ya dirhamu 90.

Nje nikasimamisha teksi ndogo, zile za rangi ya maziwa zinazobeba abiria watatu tu. Dereva mita anayo, ila kwa anayetoka mlango wa hoteli mita huwa mbovu. "Hamsini," akasema.

Akaiona kofia yangu inavyodondosha maji. "Wewe Mgnawa?"

"Naam. Wa Zagora."

Akawasha mita.