Fomula ya kaunti tunayo, ya shule iko wapi?

Kila mwaka wa masomo ukianza, shule ya mwanangu hapa Sacramento hutuletea fomu: mko wangapi nyumbani, mapato ni kiasi gani. Chakula cha shule ni bure kwa watoto wote California tangu 2022, kwa hivyo wazazi wengi huona fomu hiyo ni usumbufu na kuitupa. Kumbe pesa za shule zimo humo. Kwa sheria ya 2013, kila mtoto wa familia maskini huiongezea wilaya yake asilimia 20 juu ya mgao wa kawaida, sawa na anayejifunza Kiingereza au anayelelewa chini ya ulinzi wa serikali. Watoto hao wakipita asilimia 55 ya wanafunzi wote, kila anayezidi hapo huleta asilimia 65 zaidi.

Kwetu Kenya, mtoto wa shule ya msingi amewekewa na serikali shilingi 1,420 kwa mwaka, awe Nairobi au Turkana. Wengi huuita huo usawa. Mimi sikubali. Chukua shule ya watoto 80 huko Turkana: hata pesa zikifika zote na kwa wakati, ni shilingi 113,600. Mlinzi, maji, chaki, paa lililong'olewa na upepo, vyote humo. Shule ya mjini yenye watoto 1,000 hupata 1,420,000, na mlinzi ni mmoja vilevile. Isitoshe, wazazi wa mjini pengo likitokea huchangishana.

Basari nayo, yaani msaada wa karo, humfikia yule ambaye mzazi wake anajua fomu hutolewa wapi na nani wa kuitia sahihi. Haitengenezi paa la shule.

Kinachoniuma ni kwamba kanuni yenyewe tunaijua. Fomula ya kugawia kaunti fedha huhesabu umaskini, na kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki kadhaa ikivutania fomula hiyo. Kwa nini hizo 1,420 zisivutaniwe vivyo hivyo?

California ina kosa lake: pesa hufuata mahudhurio ya kila siku, na watoto maskini ndio hukosa shule zaidi. Hilo tusiliige. Lakini wanafunzi wetu tayari wamesajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali wa Wizara ya Elimu. Wizara iingize umaskini, ukame na udogo wa shule katika hesabu ya mgao, na wabunge waidai kabla bajeti haijapitishwa.